Joto la Pwani na Miezi Yake



Katika mwezi wa Shaabani wa mwaka 1446, nao ni Februari ya mwaka 2025, alinijia mama mmoja hapa Ganako baada ya sala ya alasiri, wakati watoto wa chuo wanakung'uta mikeka ili waende makwao. Mama huyu ni mjane, na mtoto wake wa kiume ni mmoja tu, kijana wa miaka 15. Kijana alikuwa amekwisha khitimu kwangu, naye amepata nafasi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam ili akahifadhi Kurani. Mama akaniuliza: "Maalim, wewe umekaa huko. Mwanangu ataliweza joto la pwani? Nimpeleke mwezi gani?"

Nami nikamjibu upesi, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na nina shughuli zangu: "Mama, ni joto tu. Atazoea."

Akashukuru, akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi. Maneno yale, "ni joto tu", nilikwisha kuyasema mara moja kabla ya hapo, katika mwaka 1992. Nilimwambia mtu aliyekuwa anakufa, nami sikujua kuwa anakufa. Asubuhi yake nikampelekea mama yule ujumbe kwamba jibu langu la jana nimelitangua, anipe siku chache nimjibu kama inavyopasa. Nililomjibu ndilo ninaloliandika hapa, kwani wazazi wanaotoa watoto katika nchi za baridi kuwapeleka pwani kusoma ni wengi, na kila mmoja wao ana haki ya kulijua.

Kwa wale wasioijua nchi yetu, Ganako ni kata katika wilaya ya Karatu, mkoa wa Arusha, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika njia iendayo Ngorongoro. Iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1500 hivi. Udongo wake ni mwekundu, na watu wake, ambao wengi ni Wairaqw, hulima mahindi, maharage, mbaazi na ngano. Ukiinua macho unauona mlima Oldeani na misitu ya Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta unapita mita 2200. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka mashambani mpaka ukamsikia mtu anakohoa njiani nawe humwoni. Watoto huja chuoni na mashuka mabegani, na wakisoma kwa sauti, mvuke huwatoka vinywani. Huo ndio ubaridi tuliozaliwa nao.

Mwezi wa Februari mwaka 1992, nikiwa kijana wa miaka 20 hivi, nilifunga safari kwenda Dar es Salaam kusoma. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mwenzangu wa chuo kimoja, jirani yetu, tuliyekua pamoja tukichunga ng'ombe pamoja. Mama yake alikuwa amemfumia sweta la sufu la rangi ya kahawia, naye alilivaa siku ile ya safari, kwani asubuhi ya Ganako ni baridi hata mwezi wa Februari.

Mtu akitoka Karatu kwenda pwani huingia katika joto kidogo kidogo, kama ashukaye ngazi. Kwanza njia huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, mahali palipo chini yetu kwa mita 500 hivi. Hapo mwenzangu alifungua kifungo cha kwanza cha sweta lake. Kutoka Makuyuni njia hupanda tena kuelekea Arusha, ambako ni mita 1400 hivi, na hapo akafunga. Kesho yake tukapita Moshi, kisha nchi ya Same na chini ya milima ya Upare na Usambara, mpaka Korogwe. Hapo sweta likavuliwa, likakunjwa, likawekwa mapajani. Tulipoingia Dar es Salaam usiku alikuwa amelikalia.

Wataalamu wa hewa wanasema kwamba mtu akishuka mita 1000 joto huongezeka karibu nyuzi 6 za sentigredi, na akipanda mita 1000 hupungua kama hizo. Dar es Salaam iko pembeni mwa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka mzima ni nyuzi 26 hivi. Basi kwa hesabu hiyo Ganako hupata nyuzi 17 au zaidi kidogo. Tofauti ya nyuzi 8 au 9 yaweza kuonekana ndogo katika karatasi. Lakini mwili wa binadamu huilipia kwa jasho.

Usiku wa kwanza hatukulala. Tulitoka nje tukakaa barazani, tukamwona mzee mmoja, jirani wa chuo, naye amekaa nje anajipepea kwa ukili. Mzee huyu alikuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake. Akatucheka kwa upole, akasema: "Wanangu, mmekuja katika mwezi mbaya. Hii ni kaskazi. Ngojeni kusi ianze kuvuma, mtalala."

Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kwamba pwani nayo ina miezi. Sisi wa milimani tulidhani kuwa pwani ni joto tu, mwaka mzima sawasawa. Watu wa pwani wenyewe wana majina kwa kila kipande cha mwaka: kiangazi, ambacho ni Desemba hadi Februari, wakati pepo za kaskazi zinapovuma, masika, ambayo ni Machi hadi Mei, yenye mvua nyingi, kipupwe, ambacho ni Juni hadi Agosti, wakati wa kusi na baridi, demani, baada ya hapo, bahari inapoanza kutulia, na vuli, yenye mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Manahodha walisafiri kwa majina haya karne nyingi kabla ya kipimajoto kufika.

Nasi Waislamu hatuna udhuru wa kudharau elimu hii. Kila mtoto aliyefika Juzuu Amma ameisoma Sura ya Kuraishi, na humo zimetajwa safari mbili za watu wale, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Wafasiri wameeleza kuwa wakati wa baridi walikwenda Yemen, na wakati wa joto walikwenda Shamu. Wafanya biashara wale walijua kuwa safari njema huchaguliwa mwezi wake.

Sasa tuyatazame yale majina ya mzee kwa hesabu ya vipimo. Joto la hewa hupimwa kivulini, ndani ya sanduku jeupe la mbao lenye nafasi za kupitisha upepo, lililosimama juu ya ardhi kiasi cha kimo cha mtu. Kila siku huandikwa joto la juu kabisa na la chini kabisa. Za mwezi mzima hujumlishwa na kugawanywa, na miezi ya miaka 30 hukusanywa pamoja, ndipo unapopatikana wastani wa mwezi. Kwa Dar es Salaam kazi hii hufanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere.

Matokeo yake ni haya, kwa kukadiria. Januari, Februari na Machi ndiyo miezi ya moto kabisa. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 32, na usiku halishuki chini ya 23 hivi, na wastani wa mchana na usiku unakaribia 28. Aprili hushuka kidogo, ukawa 26 na nusu au 27. Mei ni 26 au chini ya hapo. Juni ni 24 na kitu. Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi: mchana nyuzi 29, lakini usiku 18, na wastani wake ni kati ya 23 na nusu na 24. Septemba huanza kupanda tena kuelekea 25, Oktoba 26, Novemba 27, na Desemba hurudi pale karibu na 28.

Mtazame, basi, ajabu iliyomo. Kutoka mwezi wa moto kabisa hadi mwezi wa baridi kabisa, tofauti ya wastani ni nyuzi 4 tu. Maskati, waliko ndugu zetu wengi, Januari ina wastani wa nyuzi 21 hivi na Juni karibu 35, yaani tofauti ya nyuzi 14. Katika Dar es Salaam siku moja ya Julai ina tofauti ya nyuzi 11 hivi kati ya alasiri na alfajiri, kubwa kuliko tofauti ya miezi yote ya mwaka. Kwa sababu hiyo mtu wa pwani hukwambia kuwa Julai kuna baridi, nawe wa Ganako ukacheka, kumbe anasema usiku wake.

Na sababu ya mpango huu ni jua, upepo na bahari. Jua hupita juu ya utosi wa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Ungetazamia Oktoba iwe na moto kama Machi, lakini sivyo, kwa kuwa bahari ni nzito kupata joto na nzito kulipoteza. Oktoba inaikuta bahari ingali na ubaridi wa kusi, upepo utokao upande wa kusini kwenye bahari za baridi. Machi inaikuta bahari imekwisha kuchemshwa na miezi mitatu ya kiangazi. Tena hewa ya wakati ule imejaa unyevu, na jasho halikauki upesi. Na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar es Salaam humchosha mgeni kuliko nyuzi 32 za nchi kavu.

Ramadhani ya mwaka ule wa 1992 iliingia mwanzoni mwa Machi, katikati ya moto huo. Miezi yetu ya mwezi mwandamo hutangulia ile ya jua kwa siku 11 hivi kila mwaka, na hivyo Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi ilipoanzia katika miaka 33 hivi. Ndugu zetu wa Ulaya huisikia katika urefu wa mchana, kwani London mwezi wa Juni mchana unapita saa 16. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haubadiliki hata kwa saa moja nzima mwaka wote. Sisi Ramadhani tunaitambua kwa joto lake. Saumu ya Julai pwani ni nyepesi, na saumu ya Machi ni kiu. Tulifunga, mwenzangu na mimi, na alhamdulillahi tuliimaliza. Baada ya wiki mbili za kwanza mwili ulianza kuzoea, kama mzee alivyotuahidi, kwani mwili wa mtu mzima wa afya huhitaji wiki moja au mbili kujifunza joto jipya.

Ikaja masika. Maji yakasimama vichochoroni na nyuma ya nyumba. Ilipoingia Mei hewa ilikuwa imepoa, na usiku tulianza kujifunika kanga. Katika siku hizo ndipo mwenzangu alipoanza kusema kuwa anasikia joto.

Hapa ndipo ninapotaka kila kijana anisikilize. Mwenzangu alisema anasikia joto, kichwa kinamgonga, na viungo vinauma. Nami, niliyejiona mjuzi kwa sababu mimi nimekwisha kuzoea, nikamwambia: "Ndugu yangu, ni joto tu." Nikamletea maji. Kesho yake nikamnunulia vidonge vya kutuliza maumivu. Akapata nafuu, kisha joto likarudi na kutetemeka juu yake. Siku ya tatu akaniomba sweta lake. Nikalitoa chini ya kitanda, nikamvika, na hata hapo sikuelewa. Mtu anaomba sufu Dar es Salaam, nami nasema ni joto! Siku ya tano alianza kusema maneno ya kwetu, akimwita mama yake afunge zizi. Ndipo tulipombeba hospitali. Ilikuwa malaria, imekwisha kupanda kichwani. Akafa usiku wa pili yake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, wala sisemi neno la kupinga kadari yake. Lakini kosa langu nalijua, na kulificha hakumfaidii mtu. Laiti ningalijua hesabu ya miezi niliyokuandikieni hapo juu, nisingalisema neno lile. Februari wastani ulikuwa 28, naye alikuwa mzima. Mei wastani ulikuwa 26, naye anaungua. Joto la mji lilikuwa linashuka na joto la mwenzangu linapanda. Vitu viwili viendavyo njia mbili mbali haviwezi kuwa kitu kimoja.

Nilirudi Ganako mwezi wa Julai kumpelekea mama yake khabari ambazo barua ilikwisha kumfikishia. Niliteremka kwenye basi katika ukungu. Nilikuwa nimelivaa sweta lile, kwani sikuwa na jingine na baridi ilikuwa kali. Mama akaliona kabla hajaniona uso. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Miaka iliyofuata niliuliza na kusoma kuhusu ugonjwa huu, na nikaona kuwa malaria na wastani wa joto ni mambo yaliyofungamana. Malaria huletwa na kidudu kinachochukuliwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Mbu akimuuma mgonjwa hawezi kumwambukiza mwingine siku ileile. Sharti kidudu kwanza kikomae ndani ya mbu, na kukomaa kwake ni kwa kadiri ya joto. Kwa aina ile kali iliyo nyingi kwetu, katika nyuzi 28 kidudu hukomaa kwa siku 9 au 10. Katika nyuzi 25, siku 12 hivi. Katika nyuzi 20, karibu wiki 4. Chini ya nyuzi 16 au 18 hakikomai kabisa. Na mbu wengi hufa kabla ya kutimiza wiki 4.

Sasa mtaona kwa nini sisi wa Ganako hatuijui malaria kama watu wa pwani wanavyoijua. Katika ubaridi wetu, mbu mara nyingi hufa kabla kidudu hakijakomaa. Twashuka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, au Mto wa Mbu sokoni, na huko ndiko wengine wanakoipatia. Kwa kuwa hatuugui mara kwa mara utotoni, miili yetu haikujifunza kupigana nayo, na ikitukuta ukubwani hutukuta kama watoto wachanga.

Lakini msikimbilie kusema: basi mtoto aende pwani Julai, mwezi wa baridi, atasalimika. Rudieni hesabu. Mwezi wa baridi kabisa wa Dar es Salaam una wastani wa nyuzi 23 na nusu au 24, na katika joto hilo kidudu hukomaa kwa wiki 2 hivi. Baridi ya pwani humpumzisha mtu, haimzuii kidudu. Kinachopunguza mbu katika Agosti na Septemba ni ukavu, kwa kuwa madimbwi ya masika yamekauka. Wala hawaishi wote. Hili ndilo neno ninalotaka lishikwe na kila nyumba: joto la pwani lina miezi, homa ya pwani haina mwezi.

Kwa hiyo nilipomwita tena yule mama, nilimjibu mambo mawili mbalimbali, kila moja na dawa yake.

La kwanza ni joto la mji. Nilimwambia: "Mama, chuo kinapokea wanafunzi baada ya Idi ya Fitri, nayo mwaka huu inaangukia mwisho wa Machi. Huo ni moto, na nyuma yake masika yenye mbu wengi. Niachie niseme na mkuu wa chuo, kijana aende Agosti." Mkuu wa chuo nilimpigia simu, naye, Mungu amlipe kheri, alikubali bila ya ugumu. Nikamfundisha kijana kwamba wiki mbili za kwanza asishindane na wenyeji katika kazi za juani, anywe maji kabla ya kuona kiu, na alale penye kupita upepo. Akumbuke kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza sala ya adhuhuri icheleweshwe kidogo joto linapokuwa kali mpaka lipoe. Basi dini haikutaka mtu aonyeshe ushujaa mbele ya jua. Na mgonjwa amepewa ruhusa ya kula Ramadhani na kulipa baadaye, asiione ruhusa hiyo kuwa aibu.

La pili ni homa. Nilimwambia: "Hili, mama, halingojei mwezi. Mnunulie chandarua chenye dawa, na akilalie usiku wa kwanza na kila usiku, hata ule wa Julai ambao hasikii mbu." Kisha nikamketisha kijana peke yake, nikampa wasia: "Mwanangu, siku utakayosikia joto, jiulize kwanza kama wenzako wanalisikia. Ukiwa wewe unaungua nao wamejifunika, hilo si la mji. Usingoje kesho, nenda ukapimwe damu siku hiyohiyo. Na mwenzako akikwambia kuwa anaungua, usimwambie ni joto tu." Siku zetu hizi tone moja la damu kidoleni hutoa jawabu kwa dakika chache, na dawa mseto, ambazo nchi yetu inazitumia tangu miaka ya 2006 na 2007, huponya vizuri zikianzwa mapema na kumalizwa zote. Mwaka 1992 kipimo cha haraka kama hiki hatukuwa nacho. Wa leo wanacho, na kilichobaki ni kwenda.

Kijana alisafiri mwezi wa Agosti mwaka 2025. Asubuhi ya safari mama yake alikuwa amefunga sweta katika mzigo. Nilimwambia amwachie alivae hadi Arusha tu, na nafasi yake katika mzigo ichukuliwe na chandarua. Wiki ya kwanza alinipigia simu akasema kuwa usiku wa Dar es Salaam una upepo mzuri, na kwamba alikuwa amezitia khofu bure khabari zangu za joto. Nikamwambia angoje.

Mwezi wa Novemba, vuli imekwisha kuanza, akampigia mama yake simu, si mimi. Alisema: "Mama, usishtuke. Jana nilisikia joto, nikawauliza wenzangu, wakasema wao hawalisikii. Nimepimwa, ni malaria, nimeanza dawa." Mama akaja mbio chuoni kwangu na simu mkononi, viatu hakuvaa. Baada ya siku tatu kijana alikuwa amerudi katika msahafu wake.

Wazazi wenzangu, tunapompeleka mtoto mbali tunamwekea nauli, nguo na dua, na yote hayo ni mema. Tumwekee na elimu ya mahali aendapo: mwezi gani kuna joto kiasi gani, upepo gani unavuma, maji yanasimama lini, na ugonjwa gani hauna msimu. Elimu hii haina uzito katika mzigo. Mwenzangu hakuwa nayo, nami sikuwa nayo ya kumpa.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wazee wake, atuhifadhie watoto wetu walioko safarini, na aturudishie wakiwa wazima. Amin.